Unataka ndoa ibatilishwe? Hakikisha mwenzako amepata samansi

Tuseme mlifunga ndoa ya serikali kwa msajili mwezi wa Desemba, kisha mkaenda nyumbani Nyaramba, kule Nyamira, watu wakala na kucheza hadi usiku. Kufikia Aprili unagundua jamaa ana mke mwingine, tena mwenye cheti, na hawajawahi kutalikiana. Ukimuuliza anahama nyumba. Simu hashiki. Unafanyaje?

Wasee wengi watakwambia utafute talaka. Lakini kwa kesi kama hii, kuna njia nyingine: kuomba ndoa ibatilishwe. Talaka inasema ndoa ilikuwepo ikavunjika. Kubatilisha kunasema ndoa ilikuwa na kasoro tangu siku ile mliyoweka sahihi.

Kifungu cha 73 cha Sheria ya Ndoa ya 2014 kinataja sababu zenyewe. Baadhi ni hizi: mwenzako alikuwa tayari kwenye ndoa nyingine nawe hukujua, ulilazimishwa kukubali, au tangu harusi hamjawahi kulala pamoja kama mke na mume. Ila muda hautakusubiri. Ombi lazima lifike mahakamani ndani ya mwaka mmoja tangu siku ya ndoa. Na ukishaliwasilisha, msirudiane kitandani, maana hilo pekee linaweza kuua kesi yako.

Kuwasilisha siku hizi si kazi kubwa. Ombi linaenda kwa mahakama ya hakimu, kwa mfano ile ya Nyamira mjini, na tangu Machi 2024 mfumo wa kuwasilisha kesi mtandaoni unatumika nchi nzima. Wengi hukwama hatua inayofuata: kumjulisha mwenzako kisheria kwamba umemshtaki.

Vitu ambavyo si samansi

Ukitoka jamii ya Kisii unajua ndoa ikiwa na shida, wazee huitwa. Wanakaa, wanasikiliza pande zote, pengine hata wanakubaliana ng'ombe za mahari zirudi. Ni sawa, na heshima ibaki. Lakini mbele ya hakimu, kikao cha wazee hakichukui nafasi ya samansi, hata kama mumeo alikuwa ameketi hapo hapo.

Kingine ni kumwachia mama mkwe karatasi pale Nyaramba. Kanuni za mashtaka ya madai, Agizo la 5, zinaruhusu samansi kupewa mtu mzima wa familia iwapo mhusika hapatikani. Lakini soma vizuri: lazima awe mtu anayeishi naye. Sisi husema "nyumbani ni Nyaramba" hata kama tumekodisha Umoja miaka sita na tunaenda ushago Krismasi pekee. Kwa sheria, mama anayechuma majani chai Nyamira haishi na mwanawe aliye Nairobi. Ukimwachia yeye, umempa mumeo sababu ya kusema hakujua.

Na kumtumia wewe mwenyewe picha ya ombi na maneno "tuonane kortini"? Hapana, dada. Hata ukiiweka kwa status.

Inavyofanywa

Samansi hupelekwa na mtu aliyeidhinishwa na mahakama kwa kazi hiyo. Kwanza anajaribu kumkabidhi mhusika mwenyewe, mkono kwa mkono, na kumwomba atie sahihi. Kisha anaapa hati ya kiapo: alimpata saa ngapi, wapi, na nani alimwonyesha kwamba ndiye. Hati hiyo inaweza kuulizwa maswali kortini, kwa hivyo usimlipe mtu aandike uongo.

Tangu marekebisho ya 2020, samansi inaweza pia kutumwa kwa barua pepe au kwa programu za ujumbe kama WhatsApp. Inatumwa kwa nambari yake ya mwisho inayojulikana na anayoitumia. Mwenye laini tatu, tafuta ile iliyo hai. Aliyeidhinishwa ndiye anayetuma, na anaambatisha uthibitisho kwamba ujumbe ulifika.

Akitoroka kabisa, mwombe hakimu ruhusa ya njia mbadala. Hakimu anaweza kuagiza samansi ibandikwe mahakamani na kwenye nyumba aliyoishi mwisho, au itangazwe gazetini. Tangazo la gazeti si bei ya soda, kwa hivyo weka ushahidi wa jinsi ulivyomtafuta. Na kama ameenda Saudia au Qatar, omba ruhusa ya mahakama kabla ya kumpelekea huko.

Kwa nini ujisumbue hivyo?

Kwa sababu ukiruka hatua hii, unaweza kushinda leo na kupoteza kesho. Yeye akija baadaye athibitishe hakupewa samansi ifaavyo, amri yako inaweza kufutwa. Fikiria umeshaolewa tena, una mtoto, halafu unaambiwa ile ndoa ya kwanza bado iko. Mwaka wako mmoja ulishaisha zamani.

Pia kuna upande wa pili. Huenda ni wewe utakayeandikwa mambo ya chumbani kwenye karatasi za korti. Ungetaka kusikilizwa, si ndiyo? Basi ukipewa samansi usijifiche wala kuichana. Angalia tarehe, ujibu kwa wakati. Ukinyamaza, kesi inaweza kuendelea bila wewe.

Kama huna pesa za wakili, uliza Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa na sheria ya 2016. Wanawake pia hupata msaada FIDA-Kenya. Nenda na cheti cha ndoa, nambari zake zote za simu, na mahali anapolala sasa hivi, si kwao tu.