Duka ni la Marehemu au la Kampuni?

Baada ya maziko, watu wakishatawanyika, maswali mawili huja yenyewe. Marehemu alidaiwa nini? Na ameacha nini? Familia za Kiislamu zinaijua njia ya kuyajibu: gharama za maziko kwanza, kisha madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi, na kinachobaki ndicho kigawanywacho kwa warithi. Siku hizi limeongezeka swali la tatu, nalo huwakuta wengi hawajajiandaa. Duka hili la vifaa vya ujenzi, magari haya mawili ya mizigo na kiwanja kile kilichonunuliwa mwaka juzi, ni mali ya marehemu au ni mali ya kampuni?

Kama ukutani pametundikwa hati ya usajili yenye jina linaloishia na neno Limited, na mali hizo zimeandikwa kwa jina hilo, jibu la sheria huwashangaza warithi. Marehemu hakumiliki duka. Alimiliki hisa. Duka lina mwenyewe, na mwenyewe huyo hajafa.

Fikra hii ina historia, na kwa bahati ni historia ya familia. Katika mji wa London, karne ya 19, alikuwapo mtengenezaji viatu aitwaye Aron Salomon. Aliigeuza biashara yake kuwa kampuni yenye hisa 20,007. Yeye mwenyewe alichukua 20,001, na mkewe, binti yake na wanawe wanne wakapata hisa moja moja. Biashara ilipoanguka, wadai walidai kwamba kampuni ile ilikuwa kivuli tu cha Salomon, hivyo alipe kutoka mfukoni mwake. Mwezi Novemba mwaka 1896 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, iliyokuwa ndani ya Bunge la Mabwana, iliamua kuwa kampuni ikishasajiliwa kihalali ni mtu mwingine mbele ya sheria, hata kama hisa zote karibu ziko mkononi mwa mtu mmoja. Sheria ya Makampuni ya Tanzania Bara, ya mwaka 2002, iliyoanza kutumika mwaka 2006, imesimama juu ya msingi huo huo.

Hapa ndipo kampuni inapoachana na jina la biashara. Wengi husajili jina la biashara, wakapata cheti, wakaamini wana kampuni. Jina la biashara ni jina tu. Mwenye duka na duka ni kitu kimoja, deni la duka ni deni lake, na akifariki wadai wa duka huja moja kwa moja kwenye tereka, pamoja na nyumba wanamokaa watoto. Kwa kampuni yenye dhima ya kikomo, mwenye hisa hupoteza kile alichokiweka au alichoahidi kukiweka, wala si zaidi.

Wapo wanaouliza, na wana haki ya kuuliza, iwapo ukomo huo unakubalika katika fiqhi, ambayo haimwachii mtu deni lake kirahisi. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha saba kilichofanyika Jeddah mwaka 1992, liliona hapana kizuizi, kwa hoja kwamba anayefanya biashara na kampuni anajua tangu mwanzo kuwa dhima yake inaishia kwenye mtaji, na penye kujua hapana kudanganywa. Hoja hiyo inambana pia mwenye kampuni. Anayekopa kwa jina la kampuni huku akijua haitalipa hana pa kujificha, kwani hata sheria ya nchi huruhusu mahakama kumfuata binafsi mkurugenzi aliyeendesha biashara kwa nia ya kuwadhulumu wadai. Benki nazo zinaujua mlango huu vyema. Ndiyo maana humtaka mkurugenzi atie sahihi ya udhamini wake binafsi kabla ya kutoa mkopo, na akishatia sahihi hiyo, ukuta kati ya kampuni na nyumba yake umetobolewa kwa mkono wake mwenyewe.

Balaa kubwa la kampuni za kifamilia, hata hivyo, halitoki kwa wadai. Linatoka kwenye majina.

Sheria ilipoanza ilitaka kampuni binafsi iwe na wanachama wasiopungua wawili na wasiozidi 50. Marekebisho ya mwaka 2012 yalifungua mlango kwa kampuni ya mwanahisa mmoja, lakini mazoea ya wawili yamebaki. Matokeo yake ni kwamba mtu aliyeanzisha biashara kwa jasho lake, alipofika kwa mwandishi wa nyaraka akaulizwa jina la pili, alimwandika aliyekuwa karibu: mdogo wake, shemeji, wakati mwingine rafiki wa msikitini. Na kwa kuwa hakuna aliyefikiria hesabu, hisa ziligawanywa nusu kwa nusu. Mdogo mtu hakutoa hata shilingi. Alitia sahihi, akanywa chai, akaenda zake.

Miaka 20 baadaye kaka anafariki. Katika daftari la wanahisa mdogo wake ni mwenye nusu ya kampuni. Mjane anasema, "Shemeji, wewe ulikuwa jina tu." Shemeji, akiwa mcha Mungu, atakubali na kusaini uhamisho wa hisa. Je, kama naye ametangulia, na wanaosimama ni watoto wake, ambao hawajui lolote ila karatasi iliyoandikwa jina la baba yao? Hao si lazima wawe wezi. Wanadai kile ambacho hati inasema ni chao. Kesi za namna hii hula miaka, hula fedha za mawakili, na huua udugu ambao biashara yenyewe ilianzishwa ili kuutunza. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, inahusu kuandikiana na kuweka mashahidi katika madeni. Ajabu ni kwamba tunaweza kuisoma kila Ramadhani na bado tukaona haya kumwandikisha ndugu yetu karatasi ya ukurasa mmoja.

Tangu mwaka 2021 kanuni za wamiliki manufaa zinaitaka kila kampuni imtaje kwa Msajili yule anayenufaika nayo kwa kweli, si yule aliyeandikwa tu. Kwa familia yenye jina la kuazima, hii ni nafasi ya kusafisha kumbukumbu wakati wote wangali hai. Hisa za mdogo mtu zihamishwe sasa, kwa hati, kodi ikishatathminiwa na TRA, na badiliko lipelekwe BRELA.

Kuanzisha kampuni mpya si kazi ngumu kama zamani. Maombi hufanywa kwenye mfumo wa BRELA wa mtandaoni, kwa namba za NIDA za wanahisa na wakurugenzi. Jina hupendekezwa, katiba ya kampuni huandaliwa na kusainiwa, wakurugenzi na katibu hutajwa, ada hulipwa kulingana na mtaji. Baada ya hati kutoka hufuata namba ya mlipakodi kutoka TRA, inayotakiwa kuombwa ndani ya siku 15 tangu kuanza biashara, kisha leseni ya halmashauri au ya wizara kulingana na aina ya biashara. Kwa Zanzibar mambo haya yana sheria yake ya mwaka 2013 na Wakala wake wa Usajili wa Biashara na Mali, BPRA. Hati ya Bara haimfanyi mtu kuwa amesajiliwa kule.

Kazi iliyo ngumu ni kuiweka kampuni hai. Kila mwaka, tarehe ya kusajiliwa inapotimia, kampuni hupewa siku 28 kuwasilisha taarifa ya mwaka: wanahisa ni nani, wakurugenzi ni nani, ofisi iko wapi. Hata kama hamkuuza msumari mmoja mwaka mzima, taarifa inadaiwa. Ada yenyewe si kubwa, lakini adhabu ya kuchelewa huongezeka mwezi hadi mwezi, na aliyenyamaza miaka kumi hukuta rundo. TRA nao wana kalenda yao. Makadirio ya kodi hupelekwa mwanzoni mwa mwaka wa hesabu na kulipwa kwa awamu nne, na ritani ya mwisho, iliyothibitishwa na mhasibu mwenye idhini, huwasilishwa ndani ya miezi sita baada ya mwaka kwisha. Kodi ya faida ya kampuni kwa kawaida ni asilimia 30.

Kampuni isiyoleta taarifa humfanya Msajili aamini kuwa imekufa. Huandikiwa barua, ambayo mara nyingi huenda kwenye sanduku la posta lisilofunguliwa tena, kisha hutangazwa, kisha hufutwa kwenye daftari. Mali iliyobaki kwa jina la kampuni iliyofutwa haiwi ya wanahisa. Huangukia mikononi mwa Serikali kama mali isiyo na mwenyewe, mpaka kampuni irejeshwe kwa amri ya mahakama. Wale waliokimbilia kuandikisha kiwanja kwa jina la kampuni ili "kiwe salama", kisha wakaiacha kampuni ilale, wafikirie hilo kabla ya kulala usingizi mwingine.

Ipo pia tabia ya mfuko mmoja. Ada ya shule inatoka kwenye droo ya duka, mahari ya kijana inatoka humo humo, na umeme wa nyumbani unalipwa na akaunti ya kampuni. Baba anasema, si yangu? Kisheria si yake, ni ya kampuni. Namna yake halali ya kupata fedha ni mshahara, gawio la faida, au mkopo ulioandikwa. Asipoandika, siku ya kufa kwake hakuna ajuaye kama alikuwa akiidai kampuni au kampuni ndiyo iliyokuwa ikimdai. Na lile swali la kwanza baada ya maziko litakosa jibu.

Tuje kwenye mgawanyo. Tuchukue kampuni ya hisa 1,000, ambazo 960 ni za baba na 40 ni za mama kwa jina lake. Baba anafariki, hana deni wala wasia, anaacha mke, watoto wa kiume wawili na wa kike wawili. Hisa 40 za mama haziguswi. Katika 960, mke anapata thumni, yaani 120. Zinabaki 840, ambazo kila mvulana anapata 280 na kila msichana 140. Mama sasa ana 160.

Hesabu imekwisha, lakini mambo ndiyo kwanza yanaanza. Watoto wa kiume wawili kwa pamoja wana hisa 560, asilimia 56. Kwa wingi huo wanaweza kuchagua wakurugenzi, na wakurugenzi ndio wenye kuamua mishahara na kupendekeza gawio. Mama na mabinti, wenye asilimia 44, wanaweza kukaa mwaka baada ya mwaka wakiwa na hisa kamili zisizoleta hata kilo ya mchele, kwa sababu faida "imerudishwa kwenye biashara". Hakuna aliyewanyang'anya haki yao ya mirathi. Wameipata, ila imefungiwa ndani ya kampuni ambayo hawana ufunguo wake.

Ufunguo huo unaweza kuwekwa na baba akiwa hai, na mahali pake ni kwenye katiba ya kampuni. Kuibadili katiba kunahitaji robo tatu ya kura, na wenye asilimia 56 hawafiki hapo. Kwa hiyo baba akiandika leo kwamba sehemu fulani ya faida itagawanywa kila mwaka ikiwapo, kwamba mjane atakuwa na kiti kwenye bodi, na kwamba anayetaka kuuza hisa zake atanunuliwa na wenzake kwa bei ya mthamini, wana hawataweza kuyafuta peke yao. Katiba nyingi za kunakili, zinazouzwa tayari kama khanga, hazina vifungu hivyo. Mara nyingi kilichomo ni kimoja tu, kinachowapa wakurugenzi ruhusa ya kukataa kumsajili mwanahisa mpya, na kifungu hicho kikiachwa kama kilivyo kinaweza kugeuzwa dhidi ya mjane mwenyewe.

Anayetaka kumpa binti yake hisa kama hiba asiishie kutamka mbele ya chakula cha Idi. Hiba katika fiqhi inahitaji makabidhiano, na makabidhiano ya hisa ni hati ya uhamisho na jina kuingia kwenye daftari.

Kwa familia ambayo msiba umekwisha kutokea na makaratasi hayaeleweki, pa kuanzia ni upekuzi. Mtu yeyote anaweza kulipa ada BRELA na kupata taarifa za kampuni kama zilivyosajiliwa: wanahisa, idadi ya hisa zao, wakurugenzi, na taarifa ya mwisho iliyowasilishwa. Fanyeni hivyo kabla ya kikao cha ukoo. Kisha msimamizi wa mirathi ateuliwe na mahakama, kwani kampuni haitamsikiliza mrithi asiye na barua hiyo, na yeye ndiye atakayeomba hisa za marehemu zihamie kwa warithi kwa mafungu yao. Katika ombi lake aorodheshe hisa. Duka, magari na kiwanja viachwe nje ya orodha, kwani mwenyewe yupo.