Kuchagua fimbo na rili ya kuvulia besi: niliyojifunza kwa ami yangu hapa Shively



Wengi wetu wenye asili ya pwani tumejua kuvua kabla ya kujua kusoma. Uzi wa nailoni uliozungushwa kwenye kipande cha mti, chubwi, ndoana na chambo cha pweza, basi safari imekamilika. Ndiyo maana mtu akituambia kuwa kuna elimu ya kuchagua fimbo ya kuvulia samaki, tunacheka. Mimi pia nilicheka, mpaka nilipomuaibisha ami yangu mbele ya watoto wangu kwa kutojua.

Ami alikuja kukaa nasi baada ya kufiwa na mkewe Maskati. Sisi tunaishi Shively, mji mdogo uliopakana na Louisville, katika jimbo la Kentucky, Marekani. Alifika wakati wa baridi. Kutwa alikuwa akikaa dirishani akitazama magari, hazungumzi mpaka asemeshwe. Nikikumbuka namna alivyokuwa akirudi na kolekole begani, roho ilikuwa ikiniuma. Nikasema, mzee huyu dawa yake ni maji. Bahari hatuna, lakini mto Ohio unapita magharibi yetu, na maziwa ya bustani yapo karibu.

Nikaingia dukani nikanunua rili ya ghali kuliko zote nilizoweza kuilipia, na fimbo yake. Nikamchukua mpaka ziwa la Waverly Park, kusini-magharibi mwa Louisville. Aliporusha mara ya kwanza, uzi wote ukajivuruga ndani ya rili kama nywele zilizoamka. Mara ya pili vile vile. Mara ya tatu akaiweka fimbo chini polepole akasema, "Mwanangu, mimi nimeshazeeka." Tukarudi nyumbani kimya.

Kosa halikuwa lake. Nilikuwa nimemnunulia chombo kisichomfaa, na ningelijua haya ninayoyaandika leo, ile siku isingelikuwa.

Besi ni samaki gani?

Besi wa huku ni samaki wa maji baridi, na wako wa namna mbili wanaotafutwa sana. Yuko mwenye mdomo mpana, anayependa maji yaliyotulia, majani na miti iliyozama. Na yuko mwenye mdomo mdogo, anayependa mawe na maji safi yanayokwenda. Kentucky inaye na wa tatu, mwenye madoa, ambaye ndiye samaki rasmi wa jimbo. Kwa ukoo hawahusiani na chewa wetu, lakini tabia zao zinafanana: hujificha penye kivuli, hungoja, kisha humeza kwa ghafla. Huko kwetu Afrika Mashariki besi mwenye mdomo mpana alipelekwa ziwa Naivasha, Kenya, katika miaka ya mwisho ya 1920, na mpaka leo yumo.

Tabia hii ndiyo inayoamua chombo. Besi hakungoji kwenye kina kama changu. Inabidi wewe umtupie chambo pale pale alipojificha, ukivute, ukirushe tena, mara mia kwa asubuhi moja. Kwa hivyo unataka chombo chepesi, kinachorusha kwa usahihi, na kinachokuletea habari mkononi samaki anapogusa.

Rili za namna tatu

Rili ni kile kigurudumu kinachobeba uzi. Ziko namna tatu.

Ya kwanza ni ile iliyofunikwa, yenye kitufe nyuma. Ukibonyeza na kuachia, uzi unatoka. Ni nyepesi kujifunza na ni rahisi, inawafaa watoto wa skuli. Ubaya wake hairushi mbali sana, na nyingi hazidumu.

Ya pili ni ile inayoning'inia chini ya fimbo, ambayo bobini yake haizunguki wakati wa kurusha. Uzi unateleza tu juu ya ukingo wa bobini, kama vile unavyoukunjua uzi wa mshipi kutoka kwenye kopo. Kwa kuwa bobini imesimama, si rahisi uzi kuvurugika. Inarusha hata chambo chepesi, na mkono wake wa kuzungushia unaweza kuuhamisha kulia au kushoto.

Ya tatu ni ile inayokaa juu ya fimbo, ambayo bobini yake huzunguka wakati uzi unatoka. Hii ndiyo niliyomnunulia ami. Ni rili ya nguvu na ya usahihi mkubwa, na mabingwa wa besi wanaipenda. Lakini ina sharti: wakati chambo kinaruka, kidole gumba lazima kiiguse bobini na kuizuia kidogo kidogo. Chambo kikianza kupunguza mwendo na bobini ikaendelea kuzunguka kwa kasi ile ile, uzi unatoka mwingi kuliko unaohitajika, na ndipo unapojivuruga. Tena mkono wake wa kuzungushia haubadiliki upande; ukinunua wa kulia umekwisha nunua wa kulia.

Sasa, ami yangu ana baridi yabisi katika kidole gumba cha mkono wa kulia. Hakimsikii. Mimi nilikijua kidole hicho, nimekiona kila siku akimenya chungwa kwa shida. Sikukifikiria dukani.

La ajabu ni kwamba rili hii ya tatu ni mtoto wa Kentucky. Mwanzoni mwa karne ya 19 fundi saa mmoja wa mji wa Paris, katika jimbo hili hili, jina lake George Snyder, alitengeneza rili yenye meno kama ya saa, ambayo ukiuzungusha mkono wake mara moja, bobini inazunguka mara kadhaa. Wakamfuata mafundi saa wengine, kina Meek na Milam wa Frankfort, na mwanzoni mwa miaka ya 1880 Benjamin Meek akahamia Louisville akaendelea kuzitengeneza hapa. Biashara hiyo ikauzwa kwa kampuni ya Connecticut mwaka 1916. Walizitengeneza kwa ajili ya besi. Nilipomsimulia ami akasema, "Fundi saa ana vidole vyake, na mimi nina vyangu."

Fimbo isomwe kabla ya kununuliwa

Juu kidogo ya mpini wa kila fimbo pameandikwa sifa zake. Wengi hatupasomi. Mambo ni manne.

Urefu. Kwa anayevua akiwa amesimama ukingoni, futi 6 na nusu mpaka futi 7 zinatosha. Ndefu zaidi inarusha mbali lakini inagonga matawi. Kama gari yako ni ndogo, nunua inayogawika vipande viwili.

Nguvu. Hii ni kipimo cha fimbo inavyogoma kupinda. Hutiwa alama za herufi: L ni nyepesi, M ni ya wastani, MH ni nzito kidogo, H ni nzito. Anayeanza na rili ya namna ya pili achukue M. Anayevua ndani ya majani mazito kwa rili ya tatu achukue MH, kwani atahitaji kumng'oa samaki.

Mahali inapopinda. Fimbo nyengine hupinda ncha tu, nyengine hupinda mpaka katikati. Inayopinda ncha huleta habari upesi na huiingiza ndoana upesi, inafaa kwa nyungunyungu wa mpira. Inayopinda katikati inafaa kwa visamaki vya plastiki vyenye ndoana nyingi, kwani hailazimishi ndoana ndogo zikachomoka.

Uzito wa chambo na wa uzi. Uzito wa chambo umeandikwa kwa wakia, na wakia moja ni gramu 28. Nguvu ya uzi imeandikwa kwa ratili, zile zile za wazee wetu. Fimbo iliyoandikwa robo mpaka nusu wakia, ukiifunga chubwi ya wakia mbili kama ya kuvulia changu, utaivunja.

Na angalia jambo moja jengine: fimbo ya rili ya pili ina pete kubwa upande wa chini, ya rili ya tatu ina pete ndogo upande wa juu na kidoko cha kushikia kidole. Usizichanganye.

Uzi na breki

Uzi wa nailoni wa kawaida unavutika, una huruma na makosa ya mvuvi, na bei yake ni nzuri. Ratili 8 au 10 zinamtosha anayeanza. Uzi wa kusokotwa ni mwembamba na una nguvu sana, hauvutiki, unafaa penye majani. Ule unaoitwa fluorokaboni huzama na hauonekani sana, unafaa maji safi.

Breki ya rili ndiyo inayomwachia samaki uzi anapovuta kwa nguvu. Ikikazwa mno, uzi unakatika. Ikilegea mno, ndoana haiingii. Iweke kiasi cha robo ya nguvu ya uzi. Mimi nafanya hivi: nachukua chupa ya lita moja iliyojaa maji, ambayo ni kama ratili mbili na kidogo, naifunga kwenye uzi wa ratili 8 uliopita kwenye rili tu bila ya fimbo, naininginiza. Breki iwe inaanza kuteleza taratibu. Hapo imekaa.

Bei na sheria

Msinunue ghali kwa kudhani ghali ni bora. Fimbo na rili zilizonifaa mwisho nilizilipia dola 60 hivi kwa pamoja. Rili ya namna ya pili iliyoandikwa 2500, fimbo ya futi 6 na nusu yenye alama M, uzi wa nailoni wa ratili 8. Pesa ikizidi, iende kwenye rili kabla ya fimbo, kwani rili ndiyo yenye vitu vya kuharibika.

Leseni ni lazima. Kentucky mtu mwenye miaka 16 na zaidi anahitaji, na mzee wa miaka 65 na zaidi anayo yake ya bei nafuu. Ohio na New York nako umri ni huo huo, miaka 16. Maziwa ya bustani kama Waverly yana masharti zaidi: kila mvuvi besi mmoja kwa siku, na asipungue inchi 15, yaani sentimita 38. Someni kibao kila mnapokwenda, kwani masharti hubadilika. Na kabla ya kumpeleka samaki jikoni, khasa wa mto Ohio, tazameni ushauri wa jimbo kuhusu kiasi cha kula. Zebaki na kemikali za viwandani ni khatari kwa mama mjamzito na watoto.

Walioko Columbus na Buffalo

Jamaa zetu walioko Columbus wanavua mto Scioto na ziwa la Griggs, ambako maji mara nyingi huwa na tope. Huko fimbo niliyoitaja inatosha kama ilivyo, ila chambo kiwe cha rangi kali au chenye kutikisika, samaki apate kukisikia.

Walioko Buffalo wana neema nyengine: ziwa Erie na mto Niagara, makao ya besi mwenye mdomo mdogo. Maji ni safi na kina ni kirefu, kwa hivyo fimbo iwe futi 7, uzi mwembamba wa kusokotwa wa ratili 10, na mbele yake futi kadhaa za fluorokaboni ya ratili 8.

Na nyinyi mlioko Maskati na Sur, elimu ni hii hii, lakini rili ya maji baridi isipelekwe baharini. Chumvi itaila. Nunueni iliyotengenezwa kwa bahari, na muioshe kwa maji matamu kila mnaporudi.

Mwisho wa ami

Ilinichukua wiki tatu kumshawishi atoke tena. Nilimpa ile fimbo mpya, nikauhamisha mkono wa rili kuja kulia, ili ashike fimbo kwa kushoto, mkono wake mzima, na wa kulia ufanye kazi ya kuzungusha tu, kazi isiyohitaji kidole gumba. Akarusha. Uzi ukatoka sawasawa. Akaweka kidole cha shahada juu ya uzi, kama afanyavyo mvuvi wa mshipi, akanyamaza.

Baadaye akanambia kwamba samaki amegusa mara mbili na mimi sikuona kitu. Mara ya tatu akavuta. Alikuwa besi wa inchi 13. Tukampima, nikamwambia ni mdogo, sheria inataka arudishwe. Ami akanitazama. "Nimvue, kisha nimrudishe? Mchezo gani huu?" Lakini akamrudisha, akafunga nyungunyungu mwengine wa mpira, akaniuliza kesho tutatoka saa ngapi.

Ile rili ya ghali nimempa kijana wa jirani, Mkongomani, ambaye gumba lake ni zima. Kwa hivyo ndugu zangu, mkitaka kumnunulia mzee fimbo ya kuvulia, msianze na rafu za duka. Anzeni na mikono yake.