Chanjo ya homa ya ini B kwa mtoto: kweli au si kweli?

"Ya kununua hospitali binafsi ina nguvu kuliko ya bure ya kliniki." Si kweli. Engerix-B ya kulipia na penta ya bure (chanjo moja ya magonjwa matano, homa ya ini B ikiwemo) zote zina protini ileile ya ganda la virusi, iliyotengenezwa kwa hamira. Hakuna virusi hai humo, kwa hiyo haiwezi kumwambukiza mtoto. Cha kuuliza ni ilivyotunzwa: ikae kati ya nyuzi 2 na 8. Ikishaganda barafuni imeharibika, iwe ya bei gani.

"Atachanjwa penta wiki ya 6, kabla ya hapo hana haja." Si kweli, na hili ndilo linaloniumiza zaidi. Kenya na Tanzania kwa miaka mingi zimeanza wiki ya 6, halafu ya 10 na ya 14. Lakini mama mwenye virusi huweza kumwambukiza mwanawe wakati wa kujifungua, na wachanga 9 kati ya 10 wanaoambukizwa hubaki navyo. Kwa watu wazima hawafiki hata 1 kati ya 20. Miaka mingi baadaye ini husinyaa au hupata saratani. Ndiyo maana tangu 2009 Shirika la Afya Duniani linataka kila mtoto apate dozi ya kwanza ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa. Penta haifai siku hiyo; inayotakiwa ni chanjo ya homa ya ini peke yake, nusu mililita tu pajani. Mjamzito, omba upimwe homa ya ini. Ukikutwa nayo, ulizia mapema ni hospitali gani ina dozi hiyo, usingoje uchungu uanze.

"Mama mwenye virusi asinyonyeshe." Si kweli. Anyonyeshe, mtoto achanjwe.

"Mtoto mwenye virusi utamjua kwa macho ya manjano." Si kweli. Wengi hawaonyeshi dalili yoyote.

"Chanjo hii huzuia saratani." Kweli kabisa. Taiwan ilianza 1984 na watoto wa mama wenye virusi, ikafika kwa wachanga wote 1986. Saratani ya ini kwa watoto wa huko ikapungua sana.

"Akikosa dozi ya tatu, aanze upya." Si kweli. Mpeleke na kadi yake, aendelee alipoishia, hata kama kichupa cha safari hii ni cha kampuni nyingine.