Maradhi ya Klachi na Dalili Zake

Msimu wa karafuu haungoji mtu, wala haungoji gari. Karafuu mbichi iliyochumwa leo yataka ichambuliwe leo na ianikwe mapema. Ikilala guniani njiani hupata joto na kuvunda, na ikishakauka huwa nyeupe na nyepesi, haina sura wala bei. Kwa sababu hii wanachama wenye gari za mizigo wametutaka tueleze habari za klachi, maana katika vilima vyetu, na mizigo yetu, na mvua zetu, kiungo hiki huteseka sana, na ubovu wake mara nyingi huagulia dawa isiyokuwa yake.

Kwanza yafaa tujue klachi ni nini. Injini ikishawaka huzunguka daima, na gari nayo hutaka kusimama mara kwa mara. Hapana budi basi kiwepo kitu cha kuunganisha na kutenganisha. Nyuma ya injini pana gurudumu zito la chuma liitwalo flaiwili. Juu yake hubanwa pleti ya klachi, iliyovikwa laini pande zote mbili, na kinachoibana ni springi ya presha pleti. Pleti ikibanwa, nguvu za injini huenda kwenye gia boksi na mwisho magurudumuni. Dereva akikanyaga pedali, beringi husukuma springi, mbano hulegea, na injini huzunguka peke yake. Katika gari nyingine pedali huvuta waya. Katika nyingine husukuma mafuta kutoka silinda ya juu, iliyo karibu na pedali, hadi silinda ya chini, iliyo kwenye gia boksi.

Mwenye kufahamu haya amekwisha kufahamu nusu ya maradhi, kwani makubwa ni mawili: ama klachi haibani, ama haiachi.

Klachi isiyobana

Dalili yake ni kuwa injini hupiga kelele lakini gari haiongezi mwendo. Huonekana kwanza mlimani, gari ikiwa na mzigo na katika gia kubwa. Baadaye hufuata harufu kali ya kuungua. Wengi hudhani injini imechoka, wakaenda kutumia fedha kwenye injini isiyo na kosa.

Njia ya kujaribu ni hii. Iweke gari mahali tambarare, weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, vuta breki ya mkono barabara, na asisimame mtu mbele wala nyuma. Washa injini, kanyaga klachi, tia gia ya tatu au ya nne, kisha achia pedali polepole huku ukitia moto kidogo. Klachi nzima itaizima injini pale pale. Injini ikiendelea kuzunguka na gari imesimama, klachi inateleza. Usilirudie jaribio hili mara nyingi, maana huunguza laini zilizobaki.

Sababu zake ni kadhaa. Huenda laini zimelika, na hapo hapana dawa ila kubadilisha. Huenda sili ya nyuma ya injini au ya mbele ya gia boksi inavuja, na oili imelowesha pleti. Basi ukibadilisha pleti bila ya sili, mpya nayo itaharibika vile vile. Huenda pia waya umekazwa mno hata pedali haina nafasi ya kuchezea juu. Pedali ya waya hutakiwa ishuke kidogo bure kabla ya kuanza kuwa nzito. Kipimo hasa hufuata kitabu cha gari. Hili hurekebishwa kwa spana tu, nalo litazamwe kabla ya mengine.

Klachi isiyoacha

Hapa dereva hukanyaga pedali mpaka chini, lakini gia haziingii au huingia kwa kusaga, hasa rivasi. Ijaribuni hivi: injini ikiwa imezimwa, tia gia zote. Zikiingia vizuri, washa injini, kanyaga pedali mpaka mwisho, hesabu polepole mpaka kumi, kisha tia rivasi. Ikisaga, pleti bado inazungushwa na injini. Lakini gia zikikataa hata injini ikiwa imezimwa, tazameni gia boksi na vyuma vya kubadilishia gia kabla ya kuilaumu klachi.

Gari ya chama chetu ilipata maradhi haya katikati ya uchumaji. Fundi mmoja akasema gia boksi ishushwe na klachi yote inunuliwe mpya. Fedha zilizokuwepo zilikuwa za majamvi ya kuanikia, na katika kamati wakatokea waliotaka dereva aachishwe kazi kwa kuwa ameiua klachi. Mzee mmoja, aliyewahi kuendesha lori, akamwuliza dereva suali moja tu: “Mwanangu, ukiipiga pedali mara tatu nne upesi upesi, gia huingia?” Dereva akajibu, “Huingia, mzee, lakini baada ya muda husaga tena.” Mzee akasema, “Basi hiyo si pleti. Tazameni mafuta.” Kikaja kutazamwa kikombe cha mafuta, kikaonekana kimepungua, na silinda ya chini imelowa. Mpira wake ulikuwa umelika. Ulibadilishwa, upepo ukatolewa, na asubuhi ya pili gari ikapakia magunia. Majamvi yakanunuliwa, na dereva yuko kazini hadi leo.

Maana ya suali la mzee ni nyepesi. Upepo ukiingia katika mafuta, pedali huubana upepo badala ya kusukuma silinda. Ukiipiga mara nyingi, nguvu hujikusanya. Pleti iliyopinda au iliyovunjika haitengenei kwa kupiga pedali.

Tahadhari moja: silinda hizi zitiwe mafuta ya breki ya namna iliyoandikwa kwenye kifuniko, wala zisitiwe oili ya injini, kwani huvimbisha mipira na kuiharibu. Na gari iliyokaa muda mrefu mvuani, pleti yake huweza kushikana na flaiwili kwa kutu. Hiyo nayo huonekana kama klachi isiyoacha, ijapokuwa mafuta yamejaa.

Kutikisika na kelele

Gari ikitetemeka wakati wa kuondoka, huenda pleti ina oili au flaiwili imeungua mabaka. Lakini tazameni kwanza mipira inayoshikilia injini. Ikikatika hutoa mtetemeko kama huo, na kuibadilisha ni kazi ndogo.

Kuhusu kelele, weka gia huru, injini ikinguruma polepole. Kelele ikija unapokanyaga pedali, mshuku beringi ya klachi. Kelele ikiwapo pedali ikiwa juu, na ikatoweka unapokanyaga, mshuku beringi ya mbele ya gia boksi. Mwenye kuyachanganya haya mawili hununua klachi nzima na kelele ikabaki.

Mambo ya kushika

Dereva asiweke mguu juu ya pedali akiwa safarini, wala asiizuie gari mlimani kwa klachi. Breki ndiyo kazi yake. Aondoke kwa gia ya kwanza, na mzigo usizidi uwezo wa gari. Na ikiwa kweli gia boksi imeshuka, badilisheni pleti, presha pleti na beringi kwa pamoja, kwani kazi kubwa ni kushusha, nayo hulipwa kila mara. Vumbi la ndani lisipulizwe. Laini za zamani nyingi zilitengenezwa kwa asibesto, na vumbi lake ni sumu ya mapafu. Lifutwe kwa kitambaa kibichi.

Mwisho, kila gari iwe na daftari lake. Iandikwe siku mafuta yalipoongezwa, kiasi gani, na dalili gani ilionekana. Mafuta yanayopungua mara mbili kwa mwezi yanasema jambo, nalo yafaa lisikike kabla karafuu hazijaiva. Twawaomba wenye gari wafanye majaribio haya mapema, na kila aendaye kwa fundi aende na dalili yake mkononi, si na hofu yake.