Dukuduku Lililotolewa Mapema

Nyumba imeungua na watoto hawakuwahiwa. Kesho yake, au keshokutwa, kikosi cha zimamoto kilichokwenda pale kinaitwa chumbani. Viti vimepangwa duara, mlango umefungwa. Mwongozaji anaanzia upande mmoja: ulikuwa wapi, uliona nini? Anazunguka. Wazo gani lilikujia kwanza? Anazunguka tena. Lipi lilikuuma kuliko yote? Hapo ndipo sauti huanza kukatika. Mwisho wanaelezwa dalili za kutazamia, kama vile kuweweseka, kushtukashtuka na kukosa usingizi, kisha wanarudi kazini.

Aliyebuni kikao hiki ni Jeffrey Mitchell, Mmarekani aliyefanya kazi ya zimamoto na huduma za dharura kabla ya kuwa mwanasaikolojia. Mwaka 1983 alichapisha utaratibu wake, ambao baadaye ulitulia kwenye hatua 7, zifuatwe ndani ya saa 24 hadi 72 baada ya tukio. Ulienea upesi kwa polisi, wahudumu wa ambulensi, hata wafanyakazi wa benki zilizovamiwa na majambazi. Nani angepinga? Toa dukuduku, upate nafuu. Na wengi walitoka chumbani wakishukuru.

Shukrani, hata hivyo, haipimi tiba. Huko Cardiff, Wales, Jonathan Bisson na wenzake walichukua watu 133 waliolazwa kwa kuungua moto, wakawagawa kwa bahati nasibu: hawa wakapewa kikao, wale wakaachwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 1997. Baada ya miezi 13, waliokuwa na ugonjwa wa kiwewe walikuwa asilimia 26 ya waliopewa kikao, na asilimia 9 tu ya walioachwa. Ni kweli waliopewa kikao walikuwa wameungua vibaya zaidi tangu mwanzo, kwa hiyo tofauti yote hiyo haiwezi kubebeshwa kikao. Lakini utafiti wa Oxford juu ya majeruhi wa ajali za barabarani, waliofuatiliwa miaka 3, ulielekea huko huko. Miongoni mwa walioanza na hali mbaya, waliozungumzishwa walibaki nayo. Ambao hawakuzungumzishwa walikuwa wamepata nafuu.

Kwa nini? Wapo wanaodhani kwamba saa moja au mbili zinatosha kufukua hofu lakini hazitoshi kuituliza. Wengine wanasema askari aliyekuwa nje ya jengo hutoka kikaoni amebeba picha za mwenzake aliyeingia ndani. Tofauti na kikao hicho, matangani kwetu anayetaka kusema husema, asiyetaka hunyamaza, wala hakuna anayemzungukia na swali.

Watetezi wa Mitchell walikuwa na hoja, nami naona ni ya haki: majeruhi aliyehojiwa peke yake kitandani si kikosi kilichozoea kufanya kazi pamoja. Australia wakalijaribu hilo hasa, kwa wazimamoto wa kujitolea 67, utafiti uliochapishwa mwaka 2014. Kikao cha kikundi hakikupunguza dalili za kiwewe. Ila waliohudhuria walikunywa pombe kidogo kuliko wenzao na kuyaona maisha yao kuwa afadhali, jambo ambalo si haba kwa kazi ambayo chupa ni rafiki wa karibu.

Mwaka 2005 NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, ilishauri kikao cha mara moja kisiwe desturi. Wengi hupona wenyewe katika wiki za mwanzo. Busara ni kuwaangalia kwa karibu kwa muda wa mwezi hivi, kisha kumtibu ambaye hali yake haijatulia.

Tiba yenyewe nayo ni mazungumzo, ila ya namna nyingine. Mgonjwa hukaa na mtaalamu mmoja, wiki baada ya wiki, akilisimulia tukio kana kwamba linatokea sasa hivi: naingia, moshi mzito, nasikia mtoto. Hulirudia mpaka lipungue makali. Wengi huikimbia tiba hii kwa sababu inauma. Ndiyo maana Richard Bryant wa Sydney na wenzake waliwagawa wafanyakazi 100 wa huduma za dharura wenye ugonjwa wa kiwewe: kundi moja lisimulie dakika 40 kila kikao, jingine dakika 10, la tatu lisubiri zamu. Wa dakika 10 walipata nafuu sawa na wa dakika 40, na makundi yote mawili yaliwaacha mbali waliokuwa wakisubiri.