Chombo na Maji Yake: Kulinganisha Vyombo vya Uvuvi Kabla ya Kununua

Katika ukanda wa pwani unaoanzia Tiwi na Diani, ukapita Kinondo, Gazi na Msambweni hadi kufika Shimoni na Vanga karibu na mpaka wa Tanzania, chombo cha uvuvi ni miongoni mwa mali za thamani kubwa ambazo familia ya mvuvi huweza kumiliki. Mnunuzi wa ukanda huo, kwa mfano wa Kona ya Musa au Mwaepe, ambaye amekusanya akiba yake, au ambaye amepata mkopo kupitia chama, hukabiliwa na vyombo vya aina nyingi ambavyo hutofautiana kwa umbo, kwa mali iliyoviunda na kwa nguvu inayoviendesha, na mara nyingi swali la kwanza linaloulizwa ni la bei. Swali hilo lina nafasi yake, lakini linapaswa kutanguliwa na mawili mengine: chombo hicho kitafanya kazi katika maji gani, na kwa mwaka mzima kitaweza kutoka siku ngapi.

Bahari ndiyo kipimo cha kwanza

Sehemu kubwa ya pwani ya Diani na Msambweni imezungukwa na mwamba wa matumbawe unaokwenda sambamba na ufuo, na baina ya mwamba huo na nchi kavu pana maji ya kina kifupi ambamo nyasi za bahari hustawi na samaki kama tafi, pono na changu hupatikana. Nje ya mwamba kina huongezeka ghafla, mawimbi hayana kizuizi, na huko ndiko wanakovuliwa nguru, kolekole, jodari na sulisuli. Kusini zaidi, mkabala wa Shimoni, upo mkondo wa Pemba, yaani bahari ya kina kirefu inayotenganisha bara na kisiwa cha Pemba, ambao umejulikana kwa miaka mingi miongoni mwa wavuvi wa samaki wakubwa. Chombo kinachofaa ndani ya mwamba hakifai kwa lazima nje yake, na chombo kikubwa cha nje kinaweza kukwama mchangani ndani ya mwamba maji yanapokupwa.

Jambo la pili ni misimu. Upepo wa kaskazi, ambao huvuma takriban kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi, huleta bahari tulivu kwa kiasi, na wavuvi wengi huutumia kuvuka mwamba. Kusi, ambayo huvuma kwa nguvu zaidi kati ya Mei na Septemba, huchafua bahari kiasi kwamba vyombo vidogo hubaki ndani ya mwamba au juu ya mchanga kwa siku nyingi. Pamoja na hayo, mkondo wa bahari wa pwani hii huelekea kaskazini mwaka mzima, na nguvu yake huongezeka wakati wa kusi, hivyo chombo kinachoharibikiwa na mashine nje ya mwamba husukumwa mbali na bandari yake. Tena, maji hupanda na kupwa kwa takriban mita 4 wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, na jambo hilo huamua saa za kutoka na kurudi kwa kila chombo ambacho bandari yake hukauka.

Aina za vyombo

Mtumbwi, ambao huchongwa kutokana na gogo moja, aghalabu la mwembe, ndicho chombo cha bei nafuu na cha matengenezo machache. Huendeshwa kwa kasia au pondo, hubeba mtu mmoja au wawili, na unafaa kwa mshipi na kwa malema, yaani mitego ya kusuka inayotegwa chini ya bahari. Udhaifu wake ni wembamba wake, kwani wimbi la ubavuni huuyumbisha kwa urahisi. Ngalawa ni jibu la kale kwa udhaifu huo: ni mtumbwi uliofungiwa pande zote mbili miti inayoelea, ambayo huuzuia usipinduke na kuuwezesha kubeba tanga kubwa kuliko upana wake ungeruhusu.

Vyombo vya mbao zilizoungwa ni vikubwa zaidi. Dau huchongoka omoni na tezini, yaani mbele na nyuma, na chini yake huwa bapa, kwa hiyo huweza kukaa wima mchangani maji yanapokupwa. Mashua ina mkuku, ambao ni boriti ya chini inayobeba mataruma, yaani mbavu za chombo, na mbao zote, na tezi yake imekatwa bapa, hivyo ina nafasi ya kufungia mashine. Mkuku huisaidia mashua kushika njia upepo unapotoka ubavuni, na kwa sababu hiyo mashua hustahimili bahari ya nje kuliko dau la urefu ule ule, ingawa huhitaji maji zaidi ili ielee. Mwisho ni boti ya faiba, ambayo imetengenezwa kwa nyuzi za kioo zilizolowekwa katika gundi inayokauka na kuwa ngumu, na ambayo karibu kila mara huendeshwa kwa mashine.

Uhusiano huu wa umbo na maji hauhusu Afrika Mashariki peke yake. Nchini Marekani, boti zinazoundwa kwa ajili ya kuvua samaki aina ya bass, ambaye pia aliingizwa katika Ziwa Naivasha mwaka 1929, huwa za chini, pana na za sakafu tambarare, kwa sababu kazi yake ni kusimama kwa utulivu katika maji ya kina kifupi huku mvuvi akirusha ndoano. Boti kama hiyo ikivushwa mwamba wa Diani wakati wa kusi itajaa maji, kwa kuwa kingo zake fupi hazikukusudiwa kuzuia mawimbi ya bahari kuu. Sifa inayoipandisha bei mahali pamoja huwa hatari mahali pengine.

Mbao au faiba

Mbao ina faida mbili kubwa: mafundi wake wapo vijijini, na ubao mmoja ulioharibika hubadilishwa bila kuvunja chombo kizima. Gharama yake ni uangalizi wa kudumu. Minyoo ya baharini hutoboa mbao zilizo chini ya maji, na ndiyo maana wenye vyombo huvipandisha pwani, wakavichoma chini kwa moto wa makuti makavu ili kuua minyoo, wakaziba nafasi za mbao kwa kalafati ya pamba na mafuta, kisha wakapaka deheni, ambayo ni mchanganyiko wa chokaa na mafuta. Mbao zenyewe zimekuwa ngumu kupatikana, kwani miti mikubwa imepungua na ukataji wa mikoko, ambayo hutumika kwa mataruma, unahitaji kibali.

Faiba haitobolewi na minyoo, ni nyepesi, na haihitaji kalafati, lakini ikipasuka huhitaji gundi maalumu na fundi aliyeizoea, na pigo la jiwe la mwamba huweza kuacha ufa usioonekana kwa macho. Njia ya tatu ilionyeshwa Lamu, ambako jahazi dogo la urefu wa takriban mita 9 liitwalo Flipflopi liliundwa kwa plastiki iliyokusanywa, likazinduliwa mwaka 2018, na mwaka 2019 likasafiri hadi Zanzibar. Safari hiyo ilithibitisha kwamba plastiki inaweza kushika bahari.

Tanga na mashine

Tanga halina gharama ya mafuta, lakini humfunga mvuvi kwa upepo. Mashine humwezesha kurudi sokoni samaki wakiwa wabichi, na humtoa katika hatari tufani inapokaribia, lakini petroli hutolewa katika mapato kabla ya mgao. Kwa desturi ya pwani, baada ya gharama za safari kuondolewa, mapato hugawanywa baina ya chombo, nyavu na mabaharia, kwa hiyo mashine kubwa kupita kiasi hupunguza sehemu ya kila mtu, akiwemo mwenye chombo mwenyewe. Mashine ya mipigo miwili, ambayo huchanganya oili na petroli, ni rahisi kutengeneza na vipuri vyake hupatikana, ilhali ile ya mipigo minne hutumia mafuta machache zaidi lakini huwa nzito na huhitaji fundi mjuzi. Chombo chochote cha mashine kinachovuka mwamba kinapaswa kuwa na tanga dogo au makasia ya akiba, kwa sababu ya ule mkondo wa kaskazini.

Namna ya kukagua

Chombo cha mbao kilichotumika hukaguliwa maji yakiwa yamekupwa na chombo kikiwa kimelala mchangani. Mkaguzi huchoma ncha ya kisu kwenye mbao zilizo karibu na mkuku, na mahali inapozama bila nguvu pameoza. Kisha humimina maji ndani ya chombo na kuzunguka nje kutazama, kwani kila tone linalochuruzika huonyesha nafasi ambayo bahari itaingilia. Chombo kilichopakwa rangi mpya juzi hustahili uangalizi maradufu, kwa kuwa rangi huficha viraka.

Boti ya faiba hugongwagongwa kwa sarafu kuanzia omoni hadi tezini. Sauti kavu na ya juu huonyesha uzima, na sauti nzito iliyofifia huonyesha kwamba tabaka zimeachana au maji yameingia kati yake. Mahali pa kutazamwa kwa makini kuliko pote ni ubao wa tezi unaobeba mashine, kwa sababu mara nyingi ndani yake mna mbao iliyofunikwa kwa faiba, na tundu moja la parafujo lisilozibwa hutosha kuiozesha.

Mashine yenyewe iwashwe ikiwa baridi, kwani iliyopashwa moto kabla ya mnunuzi kufika huficha ugumu wake wa kuwaka. Maji ya kupozea yatoke kwa nguvu pembeni muda wote inapofanya kazi. Baadaye oili ya gia, iliyo chini karibu na panga, ifunguliwe kidogo: ikiwa nyeupe kama tui, maji ya bahari yamepenya, na ukarabati wake utalipwa na mnunuzi. Hatimaye chombo kijaribiwe baharini kikiwa na uzito halisi wa mabaharia, nyavu, mafuta na sanduku la barafu.

Hesabu ya kweli ya bei

Bei ya kununulia ni sehemu tu ya gharama. Kwa mfano wa hesabu, chombo cha shilingi 200,000 kinachodumu miaka 5, kikahitaji matengenezo ya shilingi 30,000 kwa mwaka na kutoka siku 100 kila mwaka, humgharimu mwenyewe shilingi 700 kwa kila siku ya kazi. Chombo cha shilingi 400,000 kinachodumu miaka 10, kikahitaji shilingi 15,000 kwa mwaka na kutoka siku 160, humgharimu takriban shilingi 344, kabla ya mafuta. Ni juu ya kila mnunuzi kuweka takwimu za bandari yake, na mabaharia waliokwisha kutumia chombo cha aina hiyo ndio wanaozijua.

Hati ni sehemu ya chombo. Sheria ya Kenya ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya mwaka 2016 inataka vyombo vya uvuvi visajiliwe na kuwa na leseni, na kikundi cha usimamizi wa ufuo, ambacho wavuvi hukiita BMU, hutunza kumbukumbu za wavuvi na vyombo vya bandari yake. Kwa hiyo mnunuzi anapaswa kwenda kwa BMU ya bandari ambayo chombo kimetoka, akathibitisha jina la mwenyewe na kama kuna deni au mgogoro, kabla ya kutoa hata shilingi moja. Majaketi ya kuokolea maisha ya kila baharia yahesabiwe ndani ya bei.

Atakayefuata utaratibu huu huenda akagundua kwamba akiba yake inatosha mtumbwi imara wa ndani ya mwamba na haitoshi mashua nzima ya nje. Katika hali hiyo mtumbwi huo ndio ununuzi bora, kwa sababu utatoka siku nyingi na kulipa gharama zake. Mashua chakavu iliyonunuliwa kwa tamaa ya jodari huweka rehani fedha za mwenyewe na, lililo zito zaidi, maisha ya watu wanaopanda pamoja naye. Anayetaka bahari ya nje na asiye na uwezo peke yake ana njia ya kuungana na wenzake, wakanunua chombo kimoja kizima na kuandikiana hisa mbele ya BMU yao.