Wastani Haupimi Gharika

Maparoni, kata ya visiwani katika delta ya Rufiji, wilayani Kibiti, maji hupanda kwa njia mbili. Kuna bamvua, ambayo nahodha huijua mapema kwa kuutazama mwezi. Kuna pia mafuriko ya mto, kama yale ya Aprili 2024 yaliyozamisha mashamba na nyumba Rufiji na Kibiti. Hayo hayana tarehe.

Seva zinazotunza taarifa zetu nazo hupata mizigo ya aina hizo mbili. Siku ya mishahara ni bamvua yake, hujiandaa nayo yeyote mwenye kalenda. Kinachoziangusha ni maombi yanayoingia kwa mkupuo, yakatulia, kisha yakarudi kabla foleni haijaisha.

Hesabu ya mikupuo hiyo ilizaliwa mtoni. Mwingereza Harold Edwin Hurst alifika Misri mwaka 1906, akatumia miongo mingi kuuchunguza mto Nile, pamoja na rekodi za kipimo cha maji cha kisiwa cha Roda, Cairo, zinazoanzia mwaka 622. Alitaka kujua bwawa liwe kubwa kiasi gani. Jibu alilolichapisha mwaka 1951 ni kwamba miaka ya maji mengi hufuatana, na ya ukame hufuatana, hivyo bwawa linahitaji nafasi kubwa kuliko ambavyo ingehitajika kama kila mwaka ungejitegemea. Miongo minne baadaye, Will Leland na wenzake wa maabara ya Bellcore, Marekani, waliona tabia hiyohiyo katika mtandao wa kompyuta: utazame kwa sekunde au kwa saa, vilima na mabonde havilainiki. Kipimo walichotumia kina jina la Hurst. Kisha tabia hiyo ikaonekana kwenye diski.

Mwaka 2002 Mengzhi Wang, Christos Faloutsos na wenzao walitoa njia ya kuiiga kwa namba moja tu, b. Chukua maombi 1,000,000 ya saa moja na b ya 0.7. Nusu mojawapo ya saa, iliyochaguliwa kwa bahati, ipe 700,000; nyingine ipe 300,000. Kila nusu igawe tena vivyo hivyo. Baada ya migawanyo 10 una vipande vya sekunde tatu na nusu hivi. Kwa wastani kila kimoja kingekuwa na maombi 977. Kile chenye mzigo mkubwa kuliko vyote kina zaidi ya 28,000.

Mara 29! Mhandisi aliyeongeza uwezo maradufu juu ya wastani, akidhani amejihami, bado hajafika popote. Kache husaidia, maana hupokea mkupuo haraka na kuuandika diskini taratibu. Lakini mikupuo ikifuatana, kama miaka ya maji ya Hurst, wa pili huikuta kache imejaa.

Ndiyo maana naona si haki benki au hospitali kuuziwa seva kwa takwimu ya maombi kwa siku. Mnunuzi adai rekodi ya kila sekunde ya wiki kadhaa, akokotoe b ya kazi zake mwenyewe, na mfumo ujaribiwe kwa mzigo huo kabla hajalipa.